Jinsi ya kutafuta rekodi za serikali za babu na nyanya yako ukiwa Nairobi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaenda Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, wanafika kaunta wanasema natafuta babu yangu anaitwa fulani, wanaambiwa hakuna faili ya jina hilo, wanarudi nyumbani wakiamini karatasi zote zilichomwa ama Mzungu aliondoka nazo. Hili swali naulizwa sana na karibu kila mara shida ni hio hio moja.

Serikali ya mkoloni haikumfungulia mtu wa kawaida faili yake. Ilifungua faili kwa wilaya, kwa ofisi na kwa mwaka. Jina la babu yako laweza kuwa liko, lakini limelala ndani ya faili ya kitu kingine kabisa, kesi ya mpaka, malalamiko ya mshahara, barua ya chifu kwa DC, yaani mkuu wa wilaya. Kwa hivyo unatafuta mahali kwanza, alafu mwaka, alafu ofisi. Jina ndo la mwisho.

## Andaa hivi vitu kabla ya kutoka nyumbani

- Kitambulisho chako chenyewe, si kopi. Kama si raia wa Kenya utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, shughulikia hicho mapema.
- Penseli mbili na kitabu. Penseli ndo salama karibu na karatasi za zamani, wino ukimwagika haitoki.
- Pesa kidogo ya ada ya usajili na ya fotokopi.
- Ukurasa mmoja wa majina yote ya huyo mtu: la kuzaliwa, la ubatizo, la utani, la baba yake, la ukoo.
- Karatasi zozote za nyumbani: kipande, cheti cha ubatizo, risiti za kodi, barua ya kutoka jeshini, hati ya shamba. Piga picha kwa simu, zile zenyewe ziache nyumbani.

Fungua lile sanduku la bati kitandani kwa nyanya kabla ya kitu kingine. Kipande kilianza kupeanwa kuanzia 1919 kwa wanaume Waafrika, karatasi ndani ya kikopo cha chuma kinachovaliwa shingoni, Wakikuyu walikiita mbugi. Ile karatasi ilikuwa na jina, wilaya, alama za vidole, na mstari kwa mstari kila mwajiri alivyomwandika na kumwachisha kazi, na mshahara. Ukipata hata nusu yake iliyokunjwa umeokoa kazi ya wiki nyingi.

## Hatua ya 1: Kaa na wazee, lakini uliza maswali yanayofaa

Usimuulize mzee "guka (babu) alizaliwa mwaka gani". Atakupa mwaka wa kukisia, na mara nyingi utakuta ndo ule ulioandikwa kwa kitambulisho cha baadaye na karani mwenye haraka. Uliza vitu ambavyo watu hawasahau:

Alitahiriwa na rika gani? Chifu alikuwa nani wakati huo? Alioa kabla ya nzige ama baada? Ukambani uliza kuhusu njaa ya Ngomanisye, hio ni 1898 mpaka 1899. Kwa Wakalenjin uliza ipinda, yaani rika lake, kama ni Nyongi, Maina ama Chumo, manake ipinda inakupa kipindi cha miaka. Watu wa Mlima Kenya waulize kama ilikuwa kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, hio ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952.

Alafu uliza alifanya kazi wapi na kwa nani. Hapa wengi hukwama sababu Mzungu wa shamba alijulikana kwa jina la kupangwa na wafanyakazi, si jina lake. Usijali, andika hilo jina la kupangwa, ila uulize pia stesheni ya reli iliyokuwa karibu, mto, na shamba lililopakana. Kwa hizo alama utampata Mzungu mwenyewe baadaye kwa Gazeti la Serikali (Kenya Gazette), lilikuwa linachapisha orodha za wapiga kura Wazungu na sehemu walizoishi.

Rekodi sauti kwa simu kama mzee amekubali. Muulize kwa heshima, na usimkatize akienda mbali na swali, manake hapo kwa kuenda mbali ndo majina hutoka.

Hatua hii imekamilika ukiwa na vitu vinne: lokesheni, chifu, muongo, na tukio moja ambalo serikali ingeliandika. Ukikosa hicho cha nne usiende mjini bado, rudi kwa mzee.

## Hatua ya 2: Geuza mahali pa leo kuwa wilaya ya zamani

Kaunti zetu ni za 2013, faili hazizijui. Hizi ndo zinazowachanganya watu zaidi:

- Murang'a iko chini ya Fort Hall.
- Machakos, kwa karatasi za mwanzo kabisa, inaweza kuitwa Ulu.
- Kakamega, Vihiga, Bungoma na sehemu kubwa ya Busia ziko North Kavirondo, ambayo baadaye ikawa North Nyanza.
- Kisumu na Siaya ni Central Kavirondo. Kisii, Homa Bay na Migori ni South Kavirondo.
- Nyahururu ni Thomson's Falls, Webuye ni Broderick Falls.

Jua pia kwamba mpaka 1902 sehemu ya magharibi, kutoka Naivasha kwenda ziwani, ilihesabiwa kuwa Uganda. Kitu cha Kisumu cha 1900 ukikitafuta chini ya Kenya hutakiona.

Na watu wa Riruta, Waithaka, Kawangware na Uthiru, nyinyi leo ni wa Nairobi lakini wazee wenu walitawaliwa kutoka Kiambu. Nenda moja kwa moja kwa faili za Kiambu.

## Hatua ya 3: Jiulize ni kitu gani kilifanya serikali imwandike

Hii ndo hatua watu huiruka na ndo yenye kazi yote. Mkoloni hakuandika mtu kwa kupenda, aliandika alipotaka kitu kutoka kwake ama alipomwogopa. Kwa hivyo fikiria maisha ya babu yako kwa jicho la karani wa DC.

Kama alikuwa na shamba ama mbari (ukoo) yake ilinyang'anywa shamba. Tafuta ushahidi uliotolewa kwa Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter, iliyokaa 1932 na ripoti ikatoka 1934. Ushahidi na malalamiko yalichapishwa vitabu vitatu vizito. Humo kuna wazee wa mbari wakieleza nani alinunua ng'ambo ipi ya mto na nani alizikwa wapi. Kwa familia za Kiambu hasa, sijaona kitu kinachoshinda hivyo vitabu.

Kama alikuwa chifu, hedimani, mwalimu, karani, askari wa tawala. Hao wana bahati, serikali ilikuwa inawaandika kila mwaka. Angalia ripoti za mwaka za wilaya, ripoti za makabidhiano kati ya DC anayetoka na anayeingia, na vile vitabu vya rekodi za siasa za wilaya. DC anayetoka alikuwa anamwachia mwenzake maelezo ya kila chifu, nani mlevi, nani mkali, nani anapendwa.

Kama alienda vitani. Wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, wabeba mizigo wa jeshi) wa Vita vya Kwanza wengi hawakuandikwa majina kwa makaburi, na hilo linauma mpaka leo. Ila kwa waliofariki kwenye KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) na vikosi vingine, hasa Vita vya Pili, tafuta kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, ni bure, na jaribu tahajia zote.

Kama alifungwa ama kuzuiliwa wakati wa Emajensi. Angalia faili za wizara ya mambo ya Waafrika, kodi yake (code, alama ya faili, si ushuru) ni MAA, za magereza ziko chini ya JZ, pamoja na faili za wilaya yake za 1952 hadi 1960. Kama alishikwa Nairobi kwenye ule msako mkubwa wa Operesheni Anvil, tarehe unayo tayari, ilianza 24 Aprili 1954.

Kama ni mwanamke. Nyanya zetu wamefichwa chini ya majina ya wanaume. Kwa karatasi utaona w/o ikimaanisha mke wa fulani na d/o binti wa fulani, kwa hivyo tafuta jina la mume na la baba, yote mawili. Mahali wanatokea wakiwa wao wenyewe ni kwenye kesi za mahakama za Waafrika, kesi za mahari, za kuachana, za shamba la mjane. Usiache hizo faili.

Kama ni familia ya Pwani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilifanya watu wapeleke madai yao ya mashamba, na kwenye madai watu walitaja baba na babu. Pitia hizo pamoja na rekodi za Kadhi.

Usipoteze muda na sensa. Sensa ya kwanza iliyohesabu Waafrika kikamilifu ni ya 1948, na vitabu vyake vinakupa idadi ya watu tu, hakuna majina.

## Hatua ya 4: Anza na Gazeti la Serikali ukiwa kwako

Gazeti rasmi lilianza kuchapishwa 1899 na limeskaniwa matoleo mengi sana, unalipata kwa Google Books na kwa tovuti ya Kenya Law bila kulipa. Lifanyie hii kazi kabla ya kupanda matatu.

Kitu unatafuta humo ni matangazo ya mirathi. Mtu akifa na familia ikienda kortini kugawa mali, lazima itangazwe. Soma tangazo moja pole pole uone lina nini: jina kamili la marehemu pamoja na majina yake mengine, lokesheni ama kijiji alichotoka, siku aliyofariki na mahali, alafu majina ya walioomba kusimamia mali na uhusiano wao, huyu kama mjane, huyu kama mtoto wa kiume. Juu yake kuna nambari ya kesi na korti. Yaani mistari mitano inakupa tarehe ya kifo, vizazi viwili na nambari ya faili nyingine ya kwenda kuitisha.

Tafuta kwa maneno ya Kiingereza sababu Gazeti limeandikwa hivyo, weka jina la mwisho pamoja na lokesheni, ukiweka jina peke yake utapata watu elfu. Na tahajia zibadilishe: Njuguna inaweza kuwa Juguna, Owuor ikawa Owor, L na R zinabadilishana, kifupi s/o (mtoto wa kiume wa) kimekaa kati ya jina la mtu na la baba yake. Skana ya kompyuta nayo inasoma herufi vibaya, kwa hivyo ukikosa jina tafuta lokesheni na mwaka alafu pitia kurasa kwa macho.

Onyo: jina kufanana si undugu. Usikubali mtu mpaka vitu viwili zaidi vilingane, mfano lokesheni na jina la mke.

## Hatua ya 5: Nenda Makavazi

Jengo ni lile la zamani la Bank of India, hapo Moi Avenue kwa sanamu ya Tom Mboya, ukishuka Ambassadeur unavuka tu. Chini ni jumba la maonyesho lenye vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, usidhani umepotea. Wewe mwambie askari unaenda kusoma faili, utaelekezwa chumba cha watafiti juu.

Fika asubuhi. Faili zinaletwa na mtu kutoka stoo, ukifika saa tisa utaona faili moja na siku imeisha.

1. Jisajili kwa kitambulisho na ulipe ada. Begi utaliacha.
2. Mweleze mhudumu wilaya, miaka na aina ya kitu unatafuta. Usianze na jina. Mwambie "nataka Fort Hall, 1930 hadi 1940, kesi za ardhi na barua za machifu". Hapo ataanza kukusaidia kwa roho safi, hawa watu wanajua mkusanyiko wao kuliko katalogi yoyote.
3. Itisha katalogi ya hio ofisi. Kodi zinasomeka ukizoea: DC ni ofisi ya wilaya, PC ni ya mkoa. DC/FH ni Fort Hall, DC/KBU ni Kiambu, DC/MKS ni Machakos, PC/NZA ni mkoa wa Nyanza. Zinazofuata ni nambari za sehemu na faili.
4. Jaza fomu ya kuitisha kwa kodi kamili, mkwaju (/) na nambari zote. Ukiacha nambari moja utaletewa faili nyingine ama fomu irudi.
5. Itisha chache kwa wakati mmoja na umalize kabla ya kuitisha zingine.

Ripoti nyingi za mwaka za wilaya na mikoa ziko kwenye mikrofilamu, hizo unasomea kwa mashine. Na kwa kawaida faili za serikali zinafunguliwa kwa umma zikifikisha miaka 30, kwa hivyo kitu cha juzi usikitegemee hapa.

Ukiambiwa faili haionekani, usibishane, omba ile iliyo kabla yake na iliyo baada. Barua za ofisi moja zilikuwa zinanakiliwa kwa ofisi ya juu, kitu kilichopotea kwa DC kinaweza kuwa kwa PC.

## Hatua ya 6: Soma faili namna karani alivyoipanga

Faili ya zamani ina karatasi zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi, na kwa kona ya juu ya kila karatasi kuna nambari. Mara nyingi barua ya mwisho ndo iko juu, kwa hivyo anzia chini upande. Utakutana na zile kopi za kaboni nyembamba kama ganda la kitunguu, hizo zifungue kwa mikono miwili, usilambe kidole kugeuza.

Angalia mapambizo. DC alikuwa anaandika kwa penseli pembeni, "mwite", "chifu ajibu", na jibu la chifu liko karatasi kumi mbele. Malalamiko ya watu wa kawaida yaliandikwa na waandishi wa barua wa mtaani, na mwisho kuna majina na alama za dole gumba. Yawezekana hio alama ya wino ndo ya guka wako, ilibonyezwa na yeye mwenyewe, kwa hivyo usikimbie kurasa za mwisho.

Kila kitu unachonakili, andika kodi ya faili na nambari ya karatasi hapo hapo. Bila hio huwezi kuirudia wala ndugu zako hawawezi kuthibitisha. Kabla ya kupiga picha uliza kwa kaunta, usitoe simu kimya kimya.

Onyo ambalo nalisema kwa uzito: faili za Emajensi zina majina ya waliokula kiapo cha Mau Mau, waliokiri, na walinzi wa nyumbani (Home Guard, waliokuwa upande wa serikali), wakati mwingine nyumba moja ina wote. Ukipata hivyo usitume kwa WhatsApp ya familia jioni hio. Wapelekee wazee kwanza, mkae nao, wao ndo wanajua kilichotendeka, karatasi inajua tu kile Mzungu aliambiwa.

## Hatua ya 7: Rekodi za shamba

Hapa unahitaji nambari ya shamba, inakaa hivi: Dagoretti/Riruta/ alafu nambari. Ukiifanyia serchi ya kawaida, iwe kwa Ardhisasa ama kwa ofisi ya ardhi ya kaunti, utapata mwenye shamba wa leo peke yake. Wengi wanaishia hapo wakidhani historia haipo. Omba kopi iliyothibitishwa ya ile kadi ya kijani ya shamba, hio ndo inaonyesha kila aliyewahi kuandikwa tangu usajili wa kwanza.

Mkoa wa Kati usajili mwingi ulifanywa wakati wa Emajensi, baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954 wa kupima na kusajili mashamba ya Waafrika, na kuna watu walikuwa kizuizini shamba likipimwa. Ukiona jina la kwanza si la babu yako, usiende kupigana na jirani na hio karatasi. Tafuta wakili kwanza.

## Hatua ya 8: Vyeti na faili za korti

Cheti cha kuzaliwa cha Mwafrika wa 1920 usikitafute, utachoka bure. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulipanuliwa kwa awamu kuanzia 1963 na kufika nchi nzima 1971. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo tumia kitabu cha ubatizo cha parokia ama misheni, ambacho pia kinataja wazazi na wasimamizi. Kwa vifo vya baadaye, cheti unaomba kupitia eCitizen.

Na ile nambari ya mirathi uliyoipata kwa Gazeti, ipeleke kwa rejista ya korti iliyotajwa, uombe kusoma faili. Ndani kuna barua ya chifu inayoorodhesha wake wote na watoto wote, walio hai na waliofariki. Hio barua moja huwa ni mti mzima wa familia.

## Ukikwama

Kama faili za Nairobi zimeisha, uliza kuhusu ofisi za kanda za Makavazi, kama Kisumu, Kakamega, Nakuru, Nyeri na Mombasa.

Kama barua zinataja Gavana ama London, fungua katalogi ya mtandaoni ya The National Archives ya Uingereza, iliyoko Kew. Kutafuta ni bure. Barua za Kenya ziko CO 533, na zile faili zilizosafirishwa kisiri wakati wa uhuru, zikajulikana 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, ziko FCO 141. Soma maelezo ya kila faili vizuri kabla ya kulipia kopi, manake kopi si rahisi na hazirudishwi.

Na kama kuna mtu nje ya ofisi yoyote anakuambia atakutolea faili haraka ukimpa pesa, mpite. Kuitisha faili Makavazi ni fomu tu, unajaza mwenyewe, na usipoielewa mhudumu wa kaunta anakuonyesha.